Bunduki ya Marehemu, Gobole la Porini na Haki ya Kulindwa

Kila wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanapovamiwa usiku na kunyang'anywa injini na nyavu, na kila duka la jumla linapovunjwa Kasulu au Urambo, mjadala uleule huibuka vijiweni: serikali ilegeze masharti, kila mwenye mali awe na bunduki yake, mbona Marekani wanamiliki? Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu aliyeumizwa, au ndugu wa aliyeumizwa, na hastahili kubezwa. Ila naamini anadai kitu kidogo kuliko anachostahili.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 14, inasema: “Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria.” Haki iliyoandikwa pale si ya kuwa na silaha. Ni haki ya kuhifadhiwa, na anayedaiwa hifadhi hiyo ametajwa: jamii. Ibara ya 147 inaongeza kwamba ni marufuku kwa mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Kwa maneno mengine, tumeikabidhi dola silaha, na dola imebaki na deni kwetu. Mkulima wa Kakonko anayeomba bunduki kwa sababu kituo cha polisi kiko mbali anaomba alipe mwenyewe deni ambalo si lake.

Wamarekani walianzia kwingine kabisa. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao yaliidhinishwa mwaka 1791, taifa likiwa limetoka vitani na Uingereza na likiogopa jeshi la kudumu. Sentensi yenyewe inaanza kwa kutaja wanamgambo waliopangwa vizuri, kisha inataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba, na tangu hapo wanasheria wao hawajaacha kubishana ni nusu ipi inayoongoza nyingine. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi kujilinda nyumbani kwake. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikafuta sharti la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ndipo aruhusiwe kubeba bastola hadharani. Lakini mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, mahakama hiyohiyo ilikubali kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa sababu ni hatari kwa mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha. Hata kwao, basi, haki hiyo ina mipaka.

Na bei yake inajulikana. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao, 26,328 walijiua. Hesabu hii ya pili haifiki vijiweni kwetu, nayo ndiyo nzito zaidi, kwa sababu bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi hulala nyumba moja na madeni, pombe na ugomvi wa ndoa kwa miaka mingi kabla jambazi hajabisha hodi, kama atabisha.

Wapo wanaosema raia wenye silaha hawawezi kuonewa na watawala. Hoja hii Tabora inaweza kujibiwa kwa historia ya Tabora yenyewe. Karne ya 19 Unyamwezi ilijaa bunduki za gumegume na makorofindo, bunduki za zamani za kushindiliwa baruti, zilizokuja na misafara ya pembe za ndovu. Mirambo alijenga himaya yake kwa rugaruga, vijana wa vita waliokuwa na bunduki hizo, na mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Silaha zilikuwa nyingi, na bado mtu wa kawaida hakuwa salama: vijiji vilizungushiwa maboma ya miti na watu walikamatwa na kuuzwa utumwani. Wajerumani walipoivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, Januari 1893, ndani mlikuwa na baruti ya kutosha, na Isike aliilipua akiwa nayo kuliko kukamatwa hai. Ushujaa wake hauna shaka. Ila hakushindwa kwa kukosa bunduki.

Upande wa pili wa historia hiyo nao usifichwe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, ukiacha tu zile za zamani za gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake ni kwamba mkoloni alibaki na raifo, na Mwafrika akaachiwa korofindo. Kwa hiyo mzee wa Sikonge anayeshuku udhibiti wa silaha hana wazimu. Udhibiti wa kwanza kufika kwao ulifanywa na watu wasiomtakia mema. Ndiyo maana nasisitiza deni la ulinzi. Udhibiti usioambatana na ulinzi ni kumnyang'anya mtu fimbo na kumwacha na nyoka.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, kwa sababu wengi hubishana bila kuijua. Inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji lazima awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mlevi wa kupindukia wala mtumiaji wa dawa za kulevya, asiwe na rekodi ya uhalifu, na awe na sababu ya kweli. Ombi huanzia chini: barua kwa serikali ya kijiji au mtaa ikieleza aina ya silaha na kazi yake. Likipita hapo huenda kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ambako huchukuliwa alama za vidole na kufanyiwa uchunguzi. Hujadiliwa ngazi ya wilaya na ya mkoa, mwisho humfikia Msajili wa Silaha makao makuu ya polisi. Kabla ya leseni kuna cheti cha umahiri, yaani mtu athibitishe kwamba anajua kuishika silaha na anaijua sheria yake.

Watu hulalamika kwamba mlolongo ni mrefu. Mimi naona urefu si tatizo; tatizo ni ngazi ya chini inapogeuzwa muhuri. Kamati ya kijiji ndiyo pekee inayomjua mwombaji. Hakuna ofisa wa mkoani anayeweza kujua kwamba fulani akilewa hushika panga na kumfukuza mkewe hadi kwa jirani. Mwenyekiti, mjumbe wa kitongoji na majirani wanajua. Muhtasari unapoandikwa bila kikao kukaa, kwa sababu mwombaji ni mtu mwenye uwezo au ni shemeji wa mtendaji, chujio lenye matundu madogo kuliko yote limetolewa, na yanayofuata yote huko juu ni makaratasi. Jambo la pili ni sababu. “Kujilinda” peke yake haielezi kitu. Kamati iulize: kujilinda na nini, wapi, saa ngapi? Mtu anayesumbuliwa na ngedere na nguruwe pori shambani akiomba bastola, jibu liko mezani, kwa kuwa bastola haina kazi shambani.

Leseni ikitoka, kazi ndiyo imeanza. Nyumba nyingi bunduki hukaa nyuma ya kabati la nguo, chini ya godoro au darini. Mahali pake ni kabati la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni kwa boliti, boliti zenyewe zikikazwa kutokea ndani, ili mwizi asibebe kabati zima. Risasi zikae kisanduku kingine chenye kufuli lake, na funguo zisiachwe mahali ambapo mtoto wa miaka sita anaweza kupaona. Mtoto huyo anapajua kuliko unavyodhani.

Ajali nyingi za kusafisha silaha zina chanzo kimoja: mpangilio wa hatua. Kwa bastola au bunduki yenye magazini, unatoa magazini kwanza, halafu unakoki ili kutoa risasi iliyo ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kisha unatazama chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole. Mtu akianza kukoki na ndipo atoe magazini, anatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha anaamini silaha ni tupu. Wakati wote huo mdomo wa mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Ukuta wa matofali ya udongo usiutegemee kuzuia risasi ya raifo.

Shotigani, ile ya marisau, ina hatari zake. Ya namba 12 ina mtutu wa karibu milimita 18.5. Ganda la namba 20 ni jembamba zaidi. Likiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya namba 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, halionekani kwa haraka. Mtu anabonyeza, hakuna kitu, anadhani hajaweka, anaweka ganda la namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hupaka maganda ya namba 20 rangi ya njano, na ndiyo sababu hayapaswi kuwa mfuko mmoja na mengine.

Kuna na manyigu. Bunduki iliyosimamishwa kona ya ghala kwa msimu mmoja tu inaweza kukutwa na nyumba ya udongo ndani ya mtutu, na kizuizi hicho kinatosha kuupasua. Chungulia mtutu kila mara kabla ya kuweka risasi, bunduki ikiwa imefunguliwa. Ukibonyeza na risasi isilie, usiifungue papo hapo. Ielekeze mahali salama kwa sekunde zisizopungua 30, maana baruti iliyopata unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, acha kabisa: huenda risasi imebaki katikati ya mtutu, na ya pili itakapofuata itakutana nayo. Kigoma unyevu wa ziwani huleta kutu upesi, hasa masika. Futa chuma kwa mafuta mepesi, na usiihifadhi silaha kwenye mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuung'ang'ania.

Niseme kidogo kuhusu mirathi, kwa sababu hapa ndipo silaha halali hugeuka haramu bila mtu yeyote kukusudia uovu. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Baba akifariki, leseni yake imekwisha, na bunduki hairithiwi kama ng'ombe au shamba. Familia inapaswa kuipeleka polisi pamoja na risasi na kitabu chake. Mtoto anayeitaka aanze ombi lake upya, awe na miaka 25, apite kamati zote. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba msiba unakwisha, ndugu wanagawana mali, bunduki inabaki sandukuni kwa mama. Baada ya miaka kadhaa kijana anaikodisha kwa wawindaji haramu wanaoingia mapori ya Ugalla au Moyowosi, na ikikamatwa kule, namba yake inarudi kwa jina la marehemu. Uhakiki wa silaha wa nchi nzima wa mwaka 2016 ulifanywa kwa ajili ya mianya kama hii. Anayekamatwa na silaha isiyo na leseni huweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na hukumu ya miaka 20 jela kwa kosa hilo si jambo geni mahakamani. Kikao cha ukoo kinachopanga arobaini kipange na hilo.

Gobole, bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti, ni habari nyingine. Mengi hutengenezwa na mafundi wa vijijini, hayana namba wala alama, na huwezi kufuatilia kitu kisicho na namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imo, inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama kwenye kila silaha, lakini gobole halipiti kiwandani wala bandarini. Mwenye nalo ndiye wa kwanza kuumia: bomba halikutengenezwa kuhimili mgandamizo wa baruti, kipimo cha baruti hukisiwa kwa mkono, na likilipuka hupeleka vipande usoni na machoni. Ukilikuta limeegeshwa kwa marehemu babu, usijaribu kulisafisha wala kulizibua. Lichukulie kwamba lina shindilio ndani.

Silaha za vita zilikuja kwa njia nyingine. Vita ya Burundi ya mwaka 1993 hadi 2005 na zile za Kongo kuanzia mwaka 1996 zilisukuma mamia ya maelfu ya watu kuingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Walio wengi walikuja na watoto na vyungu. Wachache walikuja na SMG, kama polisi wetu wanavyoiita AK-47, na bunduki ile haizeeki upesi: magazini ya risasi 30, vyuma vyenye nafasi kubwa kiasi kwamba vumbi na matope haviizuii kufanya kazi. Kuna miaka ambayo mabasi ya kati ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalipita kwa msafara yakisindikizwa na askari. Kuwalaumu wakimbizi wote kwa hilo ni dhuluma, na wao ndio waliokuwa wakiporwa na kuuawa wa kwanza.

Vita pia huacha mabomu ya mkono. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, mkoa jirani wa Kagera, bomu lililookotwa na mtoto akidhani ni chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi 5. Wanunuzi wa skrepa wa Manyovu, Kibondo na Kasulu wanapaswa kuwa walimu wa jambo hili. Chuma chenye umbo la embe au nanasi, chenye mkono wa bati ubavuni au pete juu, hakiokotwi, hakirushwi, hakiletwi kwenye mizani. Kiwekee alama kwa mbali, zuia watoto, mwite mtendaji au piga 112.

Je, bastola ingemsaidia mwenye duka? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na nyongeza zake, inampa mtu haki ya kujitetea na kutetea mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukimpiga risasi mwizi anayekimbia na gunia la sukari, na akafa, unaweza kujikuta na kesi ya kuua bila kukusudia. Kwa kawaida pia majambazi huja wengi, huchagua saa, na humkuta mwenye duka amelala au anahesabu pesa. Wakijua ana silaha, ndiyo huwa sababu ya kumwanza yeye. Kilichopunguza kishawishi cha uporaji msimu wa tumbaku Urambo na Kaliua ni malipo kupita benki na simu badala ya pesa taslimu kulala ndani ya nyumba. Ni hatua isiyo na mlio, na naithamini kuliko bastola kumi.

Kwa tembo wanaovamia mashamba pia, shotigani ya marisau ni balaa. Humjeruhi bila kumwangusha, na tembo aliyejeruhiwa humsubiri mtu asiye na hatia njiani. Tabora, nyumba ya asali, ina dawa iliyo karibu zaidi: uzio wa mizinga, unaotundikwa kila baada ya mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya, ili tembo akigusa waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Unataka mizinga yenye nyuki kweli, maji karibu, na mtu wa kukaza waya baada ya upepo. Ukiachwa mwaka mmoja bila matunzo, tembo hupita.

Najua jibu la wavuvi wa Kibirizi na Ujiji: ziwani hakuna mizinga wala benki. Ni kweli, na hapa ndipo deni la dola linapoonekana wazi kuliko mahali pengine. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na nchi nne, na mvuvi aliye na taa katikati ya giza anaonekana kutoka mbali. Kumpa shotigani juu ya mtumbwi unaoyumba dhidi ya watu wenye SMG ni kumpeleka kufa. Anachohitaji ni boti ya doria yenye mafuta, namba ya simu inayopokelewa usiku, injini zilizosajiliwa na kuchongwa namba ili zisiuzike ng'ambo, na mitumbwi kuvua kwa makundi yenye mawasiliano.

Unyamwezi na Usukuma zilishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba kijiji kinaweza kujilinda kwa kupangwa. Sungusungu walizuia wezi wa ng'ombe kwa upinde, filimbi na yowe, kipindi ambacho silaha zilizosambaa baada ya vita ya Uganda zilikuwa mikononi mwa wahalifu. Walikosea pia, wakaua waliotuhumiwa uchawi bila kesi, na hilo lisipambwe. Mpangilio wenyewe, wa zamu, mawasiliano na kumfikisha mtuhumiwa polisi akiwa hai, bado unafaa.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kisheria kila miezi mitatu. Ajenda ya ulinzi ikifika, mtendaji aulizwe hadharani: silaha zenye leseni kijijini ni ngapi, wamiliki waliofariki tangu mkutano uliopita ni nani na bunduki zao ziko wapi, doria ya polisi ilipita lini, na ikiitwa hutumia saa ngapi kufika. Aulizwe pia utaratibu wa kusalimisha kwa hiari, hasa kipindi cha msamaha kinapotangazwa, na maelezo yatolewe kwa lugha inayoeleweka: usitembee na silaha barabarani kwenda kituoni, acha ilipo, mwambie mtendaji au piga simu kituoni waje kuichukua, mwombe askari akuandikie hati yenye aina ya silaha, namba kama ipo, idadi ya risasi na tarehe. Majibu hayo yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.